Maana ya Urudufishaji wa Nyaraka Katika Maktaba Nyingi za Maudhui

Urudufishaji wa nyaraka ni utaratibu wa kuweka waraka mmoja katika maktaba mbili au zaidi za mifumo ya kusimamia maudhui ya taasisi, na kuhakikisha kwamba waraka huo unapobadilika mahali pamoja, mabadiliko yanazifikia nakala zake zote. Nusu ya pili ya maana hiyo ndiyo inayosahaulika. Anayepakua faili kutoka maktaba moja na kuipakia katika nyingine amenakili tu; kuanzia hapo faili hizo mbili hazijuani, na baada ya miezi michache hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ipi ndiyo ya kufuatwa.

Dhana hii huchanganywa na mbili zilizo jirani nayo. Hifadhi ya akiba hutunza hali ya jana ili irejeshwe mambo yakiharibika, ilhali urudufishaji husambaza hali ya sasa pamoja na makosa yake: aliyefuta ukurasa kimakosa asubuhi anaweza kuukuta umefutika kote kabla ya adhuhuri. Utafutaji wa pamoja, kwa upande wake, huziacha nyaraka zilipo na kumwezesha mtumiaji kuzitafuta katika maktaba zote kupitia dirisha moja. Pale ambapo mtandao ni wa kuaminika, ningeshauri njia hiyo ifikiriwe kwanza.

Urudufishaji unahitajika hasa pale ofisi za mbali zinapotumia mtandao wa kasi ndogo, au kampuni mbili zinapoungana, moja ikiwa na mfumo wa maudhui uitwao Documentum na nyingine ule wa SharePoint. Kiwango cha CMIS, yaani kanuni za kiufundi za kuunganisha mifumo ya maudhui, kilichoidhinishwa mwaka 2010 na OASIS, shirika linaloweka viwango vya teknolojia ya habari, kiliipa mifumo ya aina hiyo lugha ya pamoja, ikiwemo huduma ya kuuliza ni nini kilichobadilika tangu mara ya mwisho, ingawa si kila maktaba inaitoa huduma hiyo.

Ugumu unaanza pale tunapotambua kwamba waraka si faili peke yake. Una sifa zake, historia ya matoleo, ruhusa za watu na mahusiano na nyaraka nyingine. Tuchukue mwongozo wa usalama wa mashine wenye sifa iitwayo «tarehe ya kuanza kutumika». Katika maktaba ya kwanza sifa hiyo imehifadhiwa kama tarehe. Katika ya pili ni maandishi matupu, na hapo panasomeka 03/04. Msomaji mmoja ataona tarehe 3 Aprili, mwingine tarehe 4 Machi, na kwa mwezi mzima wawili hao watafuata matoleo tofauti ya mwongozo, kila mmoja akiamini yuko sahihi. Faili imefika salama, lakini waraka haujafika. Ruhusa nazo ni vivyo hivyo: ikiwa kikundi cha wahakiki hakipo katika maktaba inayopokea, ni heri nakala ifungwe hadi msimamizi aamue kuliko kuachwa wazi kwa kila mtu.

Tena, kila maktaba huupa waraka unaoingia kitambulisho chake yenyewe. Kwa hiyo nakala inapaswa kubeba, katika sifa maalumu, kitambulisho cha asili na namba ya toleo ilikotoka. Bila hivyo, waraka ukibadilishwa jina tu, programu itaudhania mpya na kuleta nakala nyingine kando ya ile ya zamani.

Swali kubwa kuliko yote ni nani mwenye mamlaka juu ya waraka. Katika mpango wa njia moja, maktaba moja ndiyo chanzo na nakala zote ni za kusomwa tu. Katika mpango wa njia mbili, watu wawili wanaweza kuhariri waraka mmoja kabla mabadiliko ya kila upande hayajaufikia upande wa pili. Lotus Notes, programu ya kazi za pamoja za ofisini iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa na jibu ninaloliheshimu: ilitunza hariri moja kama waraka mkuu na kuihifadhi nyingine kama waraka wa mgongano ili binadamu aamue, badala ya kuifuta kimyakimya.

Ufutaji ni mtego wa aina yake. Programu inayotafuta nyaraka zenye tarehe mpya ya mabadiliko haiwezi kuuona waraka uliofutwa, kwa sababu haupo tena wa kuonekana. Ni lazima isome kumbukumbu za matukio au ilinganishe orodha nzima za pande zote mbili. Hata ikiuona, huenda maktaba inayopokea iko chini ya amri ya kutunza kumbukumbu na ikakataa kufuta, na hapo kukataa ndiko sahihi.

Kwa kuthibitisha kwamba nakala ni kamili, wengi hulinganisha alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili kwa kanuni kama SHA-256. Hata hivyo SharePoint inaweza kuandika sifa za maktaba ndani ya faili ya Word inapopakiwa, na alama ikabadilika ingawa hakuna aliyegusa neno. Katika mpango wa njia mbili, programu isiyolijua hilo itaona badiliko, itairudisha faili ilikotoka, na waraka utaongezewa toleo jipya kila zamu ya urudufishaji bila mtu yeyote kuufungua.