Ada ya malezi leo, ada ya chuo kesho: kipi kitangulie?

Wazazi wenye mtoto mchanga wakija kwangu kutaka ushauri wa fedha, wengi huanza na chuo. Mimi huwarudisha kwenye ada ya kituo cha kulelea watoto, au mshahara wa yaya, maana huko ndiko pesa inakokwenda sasa. Malezi ya mtoto mchanga ni ghali kwa kuwa mlezi mmoja hawezi kushika wachanga wengi kwa wakati mmoja. Mtoto akishajua kutembea na kula mwenyewe, mlezi yuleyule huhudumia wengi zaidi, na gharama hupungua. Akianza shule, sehemu kubwa ya gharama hiyo hukatika; hubaki saa za jioni na likizo.

Kwa hiyo gharama hizi mbili haziji pamoja. Jambo la kujua mapema ni mwezi ambao ya kwanza itakoma.

Tupige hesabu, kwa fedha ya nchi yoyote. Malezi yanakula 1,000 kwa mwezi. Miaka 5 ya mwanzo mnajibana na kuweka 100 tu kila mwezi. Mtoto akianza shule, mnahamishia nusu ya ile ada, yaani 500, kwenye akiba kwa miaka 13 iliyobaki. Kwa faida ya asilimia 5 kwa mwaka, zile 6,000 mlizoweka mwanzoni zitafika kama 13,000 mtoto akitimiza miaka 18. Zimezidi maradufu, ni kweli. Lakini zile 500 za kila mwezi, ambazo jumla yake ni 78,000, zitakuwa zimefika karibu 109,500. Mfumuko wa bei utamega sehemu ya fedha yote hiyo, ila uwiano haubadiliki.

Sisi washauri hupenda sana kuhubiri kuanza mapema, na upande huu wa pili tunaupitia harakaharaka. Mzazi anayeweka kidogo wakati wa malezi hajachelewa. Anayechelewa ni yule ambaye ada inakoma na pesa inapotea bila kuonekana. Nikipitia taarifa zao za benki naiona wazi: mwezi wa kwanza salio linabaki kubwa, wa pili linapungua, wa tatu kuna mkopo wa gari. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo. Dawa yake ni kuandikisha benki agizo la kudumu kabla ada haijakoma, fedha itoke yenyewe kila mwezi kwenda kwenye akiba, tarehe ileile mliyozoea kulipa kituo.

Kuna nyakati nakataa kabisa kumfungulia mtu akiba ya chuo. Kama malezi yanalipwa kwa kadi ya mkopo yenye riba ya asilimia 20, akiba ya asilimia 5 ni hasara iliyovaa nguo nzuri. Vilevile kama hakuna akiba ya dharura, au michango ya pensheni imesimamishwa. Mwanafunzi anaweza kupata mkopo, ufadhili au kibarua. Uzee haukopeshwi.

Na lile la mzazi mmoja kuacha kazi ili kuokoa ada? Kosa la kawaida ni kulinganisha ada na mshahara wa mama peke yake, kana kwamba mtoto ni wake tu. Ilinganisheni na kipato cha wote wawili, kisha ongezeni pensheni na vyeo ambavyo vingepotea kwa miaka hiyo. Mara nyingi jibu hugeuka.

Akizaliwa wa pili, ada ya wa kwanza kwa kawaida huhamia kwake, kwa hiyo tarehe ya agizo la kudumu isogezwe hadi wa pili aanze shule. Ile 100 iendelee. Fedha yenyewe inaweza kukaa kwenye hisa wakati chuo kiko mbali, lakini ile itakayotumika ndani ya miaka mitatu ihamishiwe kwenye hatifungani za muda mfupi, yaani fedha mnayoikopesha serikali au kampuni kwa riba, au amana ya benki, soko lisije likaanguka wiki ya kulipa ada.