Kurejesha hifadhidata wakati watumiaji wamo ndani

Wengi wanaosimamia PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, huniuliza kama lazima wazime mfumo ndipo wachukue bekapu. Si lazima. pg_dump, amri ya kuchukua bekapu, ikianza, huiona hifadhidata kama ilivyokuwa wakati ule ule, na huendelea kuiona hivyo hadi imalize. Mhasibu akiingiza malipo katikati, yanaingia kwenye mfumo kama kawaida, ila hayamo kwenye bekapu hiyo.

Anayeleta taabu ni mtu anayebadilisha muundo wa jedwali saa hiyo hiyo. pg_dump hushika kufuli jepesi: kusoma na kuandika kunaendelea, lakini ALTER TABLE, amri ya kubadilisha muundo huo, lazima isubiri, na ikishasubiri, kila ombi jipya kwa jedwali hilo linapanga foleni nyuma yake, hata la kusoma tu. Watumiaji wanaona mfumo umeganda. Mabadiliko ya muundo yapangiwe saa nyingine.

Hatari yenyewe iko kwenye kurejesha. Tafadhali usirejeshe juu ya hifadhidata inayotumika, tuiite duka. Unda nyingine pembeni, tuseme duka_mpya (hakikisha diski inatosha zote mbili), rejesha humo kwa pg_restore, amri ya kurejesha bekapu, kisha linganisha idadi ya rekodi na ujaribu ripoti mbili tatu. Watu wanaendelea na kazi zao muda wote huo.

Kubadilishana majina, ili duka_mpya ichukue nafasi ya duka, ndiko kunakohitaji watoke, maana PostgreSQL haibadilishi jina la hifadhidata yenye mtu ndani. Ingia kupitia hifadhidata nyingine, ile iitwayo postgres, ufunge mlango kwanza:

ALTER DATABASE duka ALLOW_CONNECTIONS false;

Ndipo uwatoe waliomo:

SELECT pg_terminate_backend(pid) FROM pg_stat_activity WHERE datname = 'duka';

Ukianza na amri ya pili, programu itajiunganisha tena kabla hujaandika inayofuata. Baada ya hapo duka inakuwa duka_zamani, duka_mpya inakuwa duka, na watu wanarudi.

Tangu toleo la 13 la PostgreSQL ipo DROP DATABASE yenye WITH (FORCE), inayowatoa watu na kufuta kwa mpigo mmoja. Kwa kazi hii siitaki kabisa. Miamala iliyoingia baada ya bekapu imo kwenye duka_zamani peke yake. Ifungulie mlango tena, uichambue na kuihamisha kabla ya kufuta chochote.

Na bekapu yenyewe ijaribiwe kwenye mashine nyingine. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu mtandaoni, alifuta kwa bahati mbaya data ya seva yao kuu. Walipotafuta bekapu za pg_dump hawakuzikuta: pg_dump yao ilikuwa ya toleo la 9.2 na seva ya 9.6, na pg_dump hukataa seva iliyo mpya kuliko yenyewe. Barua pepe za kuwaonya nazo zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ya diski iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla ya tukio. Kwa hiyo faili likikosekana au likiwa dogo kuliko la jana, nataka simu ya mtu ilie usiku huo huo.