Mabaka Yanayokwaruza Usoni: Maswali ya Watu wa Mwaloni, Soko la Samaki la Mwanza

Mwanangu ana ualbino. Puani na juu ya masikio ametoka mabaka makavu, yanakwaruza. Si fangasi tu?

Pitisha kidole. Kama panakwaruza mithili ya msasa, na ukibandua ganda linarudi palepale, huenda ni madhara ya jua, yale ambayo madaktari huyaita akitiniki keratosisi. Bado si saratani. Mengi hayafiki huko, na mengine hupotea yenyewe, ila kwa macho hakuna awezaye kusema lipi litageuka. Ndiyo maana hutibiwa mapema.

Daktari anaweza kuyagandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, au kuandika krimu ya fluorourasili. Krimu hiyo ina vituko vyake: ngozi huwa nyekundu, huwasha, huchubuka. Wengi huitupa hapo wakidhani imewaunguza, kumbe ndiyo inafanya kazi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2018 ulifuatilia wanajeshi wa zamani 932, wengi wao wazee wa Kizungu. Waliopaka krimu hii usoni na masikioni kwa wiki 2 hadi 4 hatari yao ya kupata saratani ya seli skwamasi (aina ya saratani ya ngozi) ya kufanyiwa upasuaji ilipungua kwa asilimia 75, katika mwaka wa kwanza.

Saratani yenyewe ikoje?

Kuna mbili za kuzijua. Ya seli za chini, ambayo hula nyama ya palepale na ni nadra kusambaa, na ya seli skwamasi, inayoweza kuhamia kwenye tezi za shingo. Hiyo ya pili ndiyo inayotusumbua huku. Madaktari wa hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, walipopitia wagonjwa 64 wenye ualbino na saratani ya ngozi, takriban robo tatu walikuwa nayo, na wengi walifika wamechelewa.

Mimi ni mweusi tii. Linanihusu?

Jua halikutishi sana, kwa sababu melanini, rangi ya asili ya ngozi yako, inakukinga. Wewe angalia kovu la moto la zamani au kidonda cha mguu kilichogoma kupona miaka nenda rudi: kikianza kuota nyama, kunuka au kutoa damu, nenda hospitali. Saratani ya seli skwamasi huanzia hapo pia.

Siku ya mawingu naweza kuanika dagaa bila kofia?

Kwa mwenye ualbino, hapana. Mwanza iko karibu nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mionzi hupenya mawingu hata usiposikia joto. Tena ukiinama kugeuza dagaa, shingo ya nyuma inabaki wazi, na mchanga mweupe unarudisha mionzi kidevuni. Kapelo haitoshi, maana inaacha masikio nje. Tafuta kofia pana pande zote, mikono mirefu, na kanga shingoni. Kazi ya juani ifanyike kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Katikati, bora kupanga na kupima chini ya turubai.

Losheni ya kukinga jua je, si ya wazungu ufukweni?

Huko Nambour, Australia, watu 1,621 walifuatiliwa kuanzia 1992 hadi 1996. Kundi lililopaka losheni kila siku lilipata saratani za seli skwamasi pungufu kwa asilimia 40 kuliko lililoachwa lipake lipendavyo. Kila siku, basi, hata ya kwenda shule. Kilisun, inayotengenezwa Moshi, ilibuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Paka kabla ya kutoka, usisahau masikio na midomo, rudia kila baada ya saa mbili. Kofia na shati haviachwi kwa sababu umepaka.

Nianzie wapi?

Kituo cha afya kilicho karibu. Omba rufaa kwenda kliniki ya ngozi, hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Uvimbe ukikatwa, uliza kinyama kimepelekwa maabara na majibu yatatoka lini.