Ukiona kisiki, usilie

Wiki iliyopita, kwenye hitma, jamaa mmoja wa mjini aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia misitu, huko vijiji vya Kilwa, tunawasaidia wanakijiji kuvuna mpingo na mninga. Akatikisa kichwa. "Kumbe nyie ndio mnaotumalizia miti! Sasa kila mkikata mmoja mnapanda mingapi?"

Hakuna. Hatupandi hata mmoja. Nikamjibu hivyo hivyo, akaacha tonge la pilau mkononi, ananitazama kama nimeua mtu. Swali hilo nimeulizwa mpaka limenichosha, kwa hiyo naliandikia hapa. Siku nyingine nitatuma kiungo tu, nile kwa raha.

Miombo, yaani msitu wetu wa asili, si shamba la mipaina la Sao Hill. Kule Mufindi unavuna kitalu kizima, unapanda kitalu kizima, na hakuna ubaya. Msitu wetu haupandwi, unachipua wenyewe. Mtondoro ukikatwa, mvua za kwanza tu kisiki kinatoa machipukizi. Mpingo unatoa mengine kwenye mizizi.

Mninga ndio una vituko. Mche unaota, unafika magotini, kiangazi kinaukausha au moto unaupitia. Mvua zikinyesha unachipua tena. Kiangazi kingine, kwisha. Unaweza kwenda hivyo miaka kumi na zaidi, juu huoni kitu, kumbe chini mzizi unanenepa. Mwaka jana nilifukua mmoja mbele ya kamati ya maliasili: kijiti cha juu chembamba kama penseli, mzizi unene wa kifundo cha mkono wangu. Mzee mmoja akacheka: "Bwana Misitu, huu muhogo huu." Akiba ikishatosha, mwaka mmoja mti unafyatuka na kuuacha moto chini.

Sasa pitisha jembe hapo. Wageni fulani, siwataji, walituletea lori la miche ya mikaratusi, na bango, na mpiga picha. Ili wapate nafasi ya mashimo wakafyeka vijiti "visivyo na maana". Vijiti vyenyewe ndio huo mninga na mitondoro! Kiangazi cha pili moto ukapita, mikaratusi yote ikaisha. Bango bado lipo, limeegemezwa ukutani ofisi ya kijiji, linazuia upepo.

Anayemaliza msitu kwetu ni jembe, si msumeno. Mvunaji anachukua mpingo mmoja hapa, mwingine hatua mia mbili mbele, na kati yake huoni kama kuna mtu kapita. Mkulima wa ufuta anafyeka ekari tano, anachoma, anang'oa mpaka visiki, na rutuba ikipungua anasogea mbele. Wala simlaumu. Ufuta unalipa mwaka huu huu. Mpingo unataka miaka sabini na zaidi. Ndiyo maana nasema msitu usipoleta hela kijijini, utageuzwa shamba, hata uimbe nyimbo gani za mazingira.

Hela zenyewe zinapatikanaje? Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi wake na kubaki na mrabaha, yaani ada anayolipa mvunaji. Mipaka, mpango wa usimamizi, sheria ndogo, mkutano mkuu, mihuri, nisiwachoshe. Miti inahesabiwa, mpingo haukatwi kabla haujafika kipenyo cha sentimita 24 usawa wa kifua, magogo yanapigwa nyundo yenye alama, ijulikane yamevunwa kihalali. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha mbao zilizovunwa bila kuharibu msitu, mwaka 2009, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Hivyo, mimi sisimulii ndoto.

Ila kuna mambo yananinyima usingizi. Mnunuzi wa mpingo wa zumari anataka mti ulionyooka, usio na uwazi ndani. Basi kila mwaka tunaondoa wazuri, na wanaobaki kumwaga mbegu ni waliopinda. Kwenye mpango tunaandika kwamba miti mama itaachwa. Mnunuzi akiwa kasimama na hela mkononi na darasa halina paa, nimeona jinsi mti mama unavyosahaulika. Na mgawo wa uvunaji nikishaukokotoa, huwa naupunguza kidogo. Hesabu hainiambii niupunguze. Ni woga tu, maana mti wenyewe unakua polepole kuliko ajira yangu. Kuna na hili: darasa lililojengwa kwa hela ya msitu linaonekana, kila mgeni anapigia picha. Mama aliyekuwa akilima ndani ya mpaka wa hifadhi, akaambiwa atoke, sijawahi kumwona kwenye picha hata moja.

Yule jamaa wa hitma alinipigia jana. Anataka kitanda cha mninga, tano kwa sita, ila nimtafutie "bei ya kishkaji". Nikamuuliza anataka cha mbao zenye nyundo ya kijiji au za njia ya panya.

Akauliza zinapishana bei gani.