Taifa bila dola ni nini hasa? Waangalie Wapolandi

Wengi tunachanganya taifa na dola, tunaona ni kitu kimoja. Dola ni serikali, mipaka, jeshi, polisi, kodi. Taifa ni watu wanaojijua kwamba sisi ni wamoja, wana lugha yao, nyimbo zao, mababu wanaowakumbuka. Sasa dola inaweza kufutwa kabisa kwenye ramani na taifa likabaki, na mfano mzuri kuliko yote mimi naona ni Poland.

Kati ya 1772 na 1795 Urusi, Prussia (dola ya Wajerumani) na Austria waligawana ile nchi mpaka ikaisha, na ikakaa hivo miaka 123, hadi 1918. Upande wa Austria baadae walilegeza, chuo kikuu cha Kraków kikawa kinafundisha kwa Kipolandi, ila kwa Mrusi na Mjerumani ilikuwa shughuli. Pale Warsaw chuo kilikuwa cha Kirusi na wanawake hawapokelewi, basi miaka ya 1880 watu wakaanzisha chao cha siri, wanasoma sebuleni kwa mtu, leo nyumba hii kesho ile polisi wasije wakanusa, ndo maana kikaitwa Chuo Kinachoruka. Maria Skłodowska, huyu tunaemjua kama Marie Curie, alisoma humo, na 1898 yeye na mumewe walipogundua elementi mpya wakaiita poloniamu, jina la nchi ambayo kwenye ramani haipo!

Ila mimi wanaonigusa zaidi ni watoto wa mji wa Września, 1901, chini ya Mjerumani. Somo la dini ndo lilikuwa limebaki kwa Kipolandi, nalo likageuzwa Kijerumani. Watoto wakagoma kujibu, inasimuliwa msichana mmoja alikishika kitabu cha katekisimu kwa pindo la aproni kisimguse mkono. Wakachapwa, na watu wazima waliokuja shuleni kupinga, kadhaa wakaishia jela. Na Ujerumani hiyo hiyo wakati huo huo ilikuwa inatawala Tanganyika na inatumia Kiswahili shuleni na ofisini, yani shida haikuwa lugha ngeni, shida walijua Kipolandi kikibaki mdomoni mwa mtoto basi Poland bado ipo. Mwalimu walimbana, lakini mama anaemfundisha mwanae Baba Yetu nyumbani usiku utambana vipi?

Dola iliporudi 1918, mtoto aliyechapwa pale akiwa na miaka 10 alikuwa na 27, na Kipolandi chake anacho.