Je, wajua kwa nini chekechea ni ya gavana lakini gredi ya kwanza si yake?

Katika shule nyingi za umma nchini Kenya, chekechea na gredi ya kwanza ziko ndani ya ua mmoja. Lango ni lilelile, uwanja ni uleule. Lakini mwalimu wa chekechea huajiriwa na kaunti, na mwenzake wa gredi ya kwanza huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Paa la chekechea likivuja, wa kuulizwa ni gavana. La gredi ya kwanza likivuja, mzigo ni wa Wizara ya Elimu.

Mpaka huo umewekwa na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, nazo serikali 47 za kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Jedwali linagawa majukumu kwa aina ya huduma, si kwa mahali. Polisi, mahakama, shule za msingi na za upili, vyuo vikuu na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Kaunti zina chekechea, zahanati, ambulensi, masoko, leseni za biashara, uzoaji taka, maji, zimamoto, makaburi, hata leseni za mbwa. Kazi ambayo kaunti haikupewa na Katiba wala sheria hubaki kwa serikali ya kitaifa, ndivyo kisemavyo Kifungu cha 186.

Afya ndiyo inayowachanganya wananchi zaidi, na ndiyo inayowaumiza. Sera hutungwa na Wizara ya Afya. Hospitali za rufaa za kitaifa, kama Kenyatta ya Nairobi na Moi ya Eldoret, ziko chini ya serikali ya kitaifa. Zahanati ya kijijini ni ya kaunti: kaunti ndiyo inayomlipa muuguzi na kununua dawa, nyingi kutoka KEMSA, ambayo ni shirika la serikali ya kitaifa la kusambaza dawa. Sasa tazama mnyororo unavyokatika. Hazina ya Taifa ikichelewesha mgao wa fedha za kaunti, kaunti hushindwa kulipa deni la KEMSA, oda inayofuata hukwama, na mgonjwa huandikiwa dawa akanunue dukani. Anayelaumiwa ni muuguzi aliyeko dirishani, ambaye hana uwezo wowote juu ya fedha hizo.

Mgao wenyewe una kiwango cha chini: Kifungu cha 203 kinataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Asilimia hiyo, hata hivyo, hupigwa kwa hesabu za mapato za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, ambazo mara nyingi ni za miaka iliyopita.

Majukumu yanaweza kuhamishwa kwa makubaliano, chini ya Kifungu cha 187. Nairobi ilifanya hivyo Februari 2020, ilipokabidhi afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji kwa serikali ya kitaifa. Hata hapo, wajibu wa kikatiba hubaki kwa aliyepewa kazi hiyo na Jedwali.

Kwa hiyo ukitaka zahanati ikarabatiwe, mfuate mwakilishi wadi, anayeketi katika bunge la kaunti, si mbunge, maana sheria ya 2015 ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, inafunga fedha za mbunge kwenye kazi za serikali ya kitaifa. Na wahi: makadirio ya bajeti yanapaswa kufika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kuisha.