Gemu la ndege ni lipi hasa?

Vijiweni hapa Dar, ndege yoyote ikionekana kwenye kioo inatema risasi, tayari imeshapewa ukoo. "Si hayo ya kina Galaga? Kubonyeza tu." Mwingine anadakia: "Kama Contra, ila huyu kapewa ndege." Wote wawili wamekosea, tena kila mmoja kivyake.

Gemu la ndege la kusogea pembeni ni hili: ndege yako iko kushoto, mandhari yanakujia kutoka kulia, unapiga na kukwepa, mara nyingi mpaka ukutane na bosi, yule adui mkubwa wa mwisho. Scramble la 1981 na Gradius la 1985, yote ya kampuni ya Konami, na R-Type la kampuni ya Irem la 1987. Maana ndiyo hiyo, tuendelee.

Galaga linadanganya macho kwa zile nyota zinazoshuka nyuma. Ndege yenyewe haiendi popote, inateleza tu kushoto na kulia chini ya kioo, sawa na Space Invaders la 1978. Hakuna dari wala mlima. Kwenye Gradius mwamba nao ni adui: ukiugusa umekufa, hata kama hakuna aliyekulenga.

Contra, lile la askari anayekimbia kwa miguu huku anapiga, lina utata zaidi, kwa sababu nalo ni la Konami na sehemu kubwa linakwenda kulia. Ila waliolicheza kwenye zile kaseti za njano wanajua: ukisimama, kioo nacho kinasimama. Unajibanza, unawamaliza mmoja mmoja, unajikuna, unaendelea. Gemu la ndege halikupi nafasi hiyo. Kioo kinakwenda chenyewe, na ukisita mlima unakufuata ulipo. (Na ile juu-juu-chini-chini, vitufe vya siri vya kujipa nguvu mnavyoviita "code" ya Contra, ilianzia Gradius la Nintendo, 1986. Mtengenezaji wake, Kazuhisa Hashimoto, aliiweka kwa sababu gemu lilikuwa linamshinda wakati wa kulijaribu.)

Utamu wote unatoka kwenye huko kutosubiriwa. Kwenye Gradius unaokota vidonge, na kila kimoja kinasogeza alama kwenye mstari ulioko chini: kasi, kombora, leza na kuendelea. Wewe ndiye unaamua ubonyeze saa ngapi. Mgeni anajirundikia kasi, halafu akifika kwenye njia nyembamba anajibamiza ukutani mwenyewe. Akifa, silaha zote zimekwenda, anarudishwa nyuma na ndege tupu kupambana na pale palepale palipomshinda akiwa amejaa. Wengi wanaita uonevu. Kwangu mimi, gemu linaanzia hapo.

Hiyo "kubonyeza tu" ndiyo inayonikera zaidi. R-Type lina pigo zito, lakini kulipata lazima ushikilie kitufe, yaani uache kupiga huku maadui wanaingia. Sekunde hizo unaishi kwa kujua nani atatokea wapi, na hayo huyajui mpaka uwe umeshakufa hapo mara kadhaa. Ni kukariri njia, vidole vinafuata.

Kwa hiyo anayecheza Galaga kwenye simu ndani ya mwendokasi aachwe afaidi, gemu ni zuri, ila aliite gemu la kupiga. Contra ni la kukimbia na kupiga. Defender la 1981 ndilo linalosumbua: ndege ipo, kioo kinasogea pembeni, lakini unaweza kugeuza ukarudi ulikotoka. Mimi naliweka nje ya kundi, ukiliingiza, sitakugombeza.